Kwa Nini Miashoki Yetu Iko Upande wa Kulia

Baba mkwe wangu aliendesha mabasi ya masafa marefu tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na abiria walimbandika jina la Breki. Hawakumbandika kwa ubaya. Vijana wenye haraka walipenda dereva anayekimbiza gari mpaka vioo vilie, lakini mtu mwenye mtoto mchanga au mgonjwa aliuliza kwanza pale kituoni, "Leo anaendesha Breki?" Akiambiwa ndiyo, ndipo anapanda. Mzee akiona mbuzi mbali kule mbele, mguu wake umeshahama.

Mama mkwe alipofariki, mume wangu alimwomba baba yake aje akae nasi. Akaja. Tukaishi naye kwa heshima, na heshima ile ilituchosha sote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mmeamkaje?"

"Salama."

Basi, siku imeisha hapo. Mume wangu ni fundi wa minara ya simu. Akiondoka, kumwona tena ni mpaka wiki ipite, wakati mwingine mbili. Mimi nashona mapazia nyumbani, chumba cha mbele. Kwa hiyo mchana kutwa tulikuwa sisi wawili na binti yetu, Kidoti, tuliyempa jina hilo kwa jinsi alivyozaliwa kadogo. Huyo ndiye aliyekuwa mkalimani. "Mwambie babu chai iko tayari." "Mwambie mama nakuja." Na wote watatu tumo chumba kimoja.

Halafu kulikuwa na suala la gari. Nina kigari changu cha kupelekea wateja mapazia, na leseni yangu wakati huo ilikuwa bado inanukia wino. Mara moja tu nilimpakia mzee, nikampeleka kliniki ya macho. Hakutamka neno njia nzima. Lakini kila tukikaribia kona mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu ya gari, kwa nguvu, mpaka mimi nikaanza kuvuja jasho. Tangu siku hiyo akiwa na safari alisema anapenda kunyoosha miguu, nami nikashukuru kimoyomoyo.

Nyumba yetu tuliinunua kwa watu waliokuwa wanahama. Kutoka getini mpaka barazani kuna njia ya gari, ndefu kiasi, imemwagwa changarawe, na pande zote mbili haikuwa na kitu ila nyasi. Mzee aliitembea njia ile kila siku, mikono nyuma, akienda na kurudi kama mtu anayesubiri basi lililochelewa. Jioni moja niko barazani nakunja vitambaa, akaja akasimama mbele yangu.

"Mama Kidoti," alisema, "hii njia iko uchi."

Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia. Yeye hakucheka, lakini alikaa, na kukaa kwenyewe kulikuwa jambo jipya.

"Kulikuwa na hospitali moja kwenye njia yangu," aliendelea. "Abiria wengine walishuka mle mle ndani, kwa hiyo niliruhusiwa kuingia na basi. Ukikata kona pale getini, unajikuta katikati ya miashoki. Huku na huku. Imesimama wima, myembamba, majani yameinama kama watu wanaokusalimia. Basi zima linanyamaza. Hata mlevi anavua kofia. Nilikuwa namwambia mama yenu, siku nikiwa na nyumba yenye njia ya gari..."

Mzee wangu hakuwahi kuwa na gari, sembuse njia yake. Alimaliza maisha ya kazi akiegesha mabasi ya watu na kurudi nyumbani kwa miguu.

"Baba," nilisema, "njia si hiyo hapo? Tupande."

Akaniangalia kama aliyesikia injini ikiwaka baada ya kukata tamaa.

Kesho yake tulikwenda kitaluni. Dada mwenye kitalu alikuwa na miashoki mizuri ya kutosha upande mmoja tu. Mingine ilikuwa bado midogo mno kuhama. Tukakubaliana tuanze na upande wa kushoto, ukiingia kutoka getini, maana jua la mchana hupiga huko, na huko ndiko Kidoti alikokuwa anaendeshea baiskeli yake ya magurudumu matatu. Mwanangu apate kivuli. Tuliona tumefikiri vizuri sana.

Jumamosi asubuhi mzee alitoka amevaa suruali ya zamani ya kazi na kofia. Akapigilia vigingi, akafunga kamba kutoka getini kuja barazani, akafumba jicho moja akaitazama.

"Imepinda, baba," nilimwambia.

"Imepinda wapi?"

"Pale kati. Imeenda upande wa nyasi."

"Mama, macho haya yamesoma barabara tangu wewe hujazaliwa."

"Na kule kliniki ya macho tulikwenda kufanya nini?"

Likanitoka hivyo hivyo. Nikauma ulimi. Mzee aliitazama kamba, akanitazama mimi, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika magoti. "Haya," alisema, "njoo uinyooshe mwenyewe." Nikaenda nikainyoosha, na tangu hapo asubuhi yote tulipiga soga kama watu waliokutana baada ya miaka. Alinisimulia habari za utingo wake aliyelala mlangoni mwa basi na kushushwa na abiria. Mimi nikamsimulia mteja aliyepimiwa mapazia ya dirisha akaja kudai hayafiki mlangoni. Yeye anachimba, mimi nachanganya udongo na samadi, Kidoti anatupita na baiskeli yake akipiga honi kwa mdomo.

Mashimo ya karibu na geti yalimtoa jasho kwa sababu ardhi ilikuwa ngumu. Tulipofika katikati ya njia, penye nyasi zilizonenepa kuliko kwingine kote, jembe likaingia kama kisu kwenye siagi.

"Hapa ndipo patamu!" mzee alisema. "Mti wa hapa utaipita mingine yote."

Akachimba kidogo, akaingia ndani ya kishimo chake ili aondoe udongo kwa mikono. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye lundo la samadi. Nilisikia mlio wa ubao mbovu unaovunjika, kisha sauti ya udongo unaomwagika mahali mbali, chini sana. Nilipogeuka, baba mkwe wangu hakuwapo. Kilichokuwapo ni kichwa, mabega, na mikono miwili iliyokumbatia mpini wa jembe. Jembe lilikuwa limelala kukatiza mdomo wa shimo, na yeye ananing'inia.

Nikapiga ukelele. Kidoti akasikia akadhani ni mchezo. Akageuza baiskeli kule barazani akaja mbio, miguu inazunguka, anacheka, "Babu kaingia shimoni! Babu kaingia shimoni!"

Mimi nilikuwa nimeshapiga hatua kumfuata mzee.

"Mshike mtoto!" alinguruma. Sauti ile sikuwahi kuisikia. Ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikika juu ya injini. "Usinijie mimi! Mtoto kwanza!"

Nikakata kona, nikamdaka Kidoti juu juu, baiskeli ikapita peke yake ikaenda kuegemea nyasi. Nikakimbia naye ndani, nikamweka chumba cha cherehani, nikafunga mlango kwa komeo. Alianza kulia papo hapo. Nikabeba ngazi ninayopandia kutundika mapazia, nikachomoa kitambaa kizito kwenye jora, nikatoka.

"Lala chini," mzee alinielekeza. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi lakini maneno yalitoka taratibu. "Usije kwa miguu. Lala, halafu sukuma hiyo ngazi."

Nikalala kifudifudi, nikaisukuma ngazi mpaka ikavuka mdomo wa shimo. Kutoka chini ilitoka hewa baridi yenye harufu ya kale. Udongo wa pembeni ulikuwa unamong'onyoka kidogo kidogo, kwa kile kisauti cha panya anayetafuna. Mzee akaachia mpini kwa mkono mmoja akakumbatia ngazi. Nikampitishia kitambaa chini ya kwapa, nikakifunga mafundo yote ninayoyajua, nikavuta. Hakusogea. Ni mtu wa mwili mkubwa, na mimi hata ndoo ya maji nabeba kwa kupumzika.

"Miguu inagusa kitu, baba?"

"Inagusa hewa, mama."

Nikaita jirani. Jirani yetu ni mwashi, na kwa bahati siku hiyo alikuwa kwake anaziba ufa wa ukuta. Aliruka ua na mikono imejaa saruji. Alivuta upande wake, mimi wangu, na pale alipopiga goti ardhi ikakatika, kipande kikaenda zake chini. Akarudi nyuma kinyumenyume, macho yamemtoka.

"Tukivuta kwa mikono tutaingia sote, shemeji," alisema. "Gari lako linawaka?"

Gari nilikuwa nimeliegesha kati ya baraza na shimo, limeelekea getini. Mwashi alileta kamba anayopandishia ndoo za zege, akaifunga kwenye kile kitambaa kifuani mwa mzee, na upande wa pili akaifunga kwenye ndoano ya mbele ya gari. Kazi yangu ilikuwa kurudi nyuma, pole pole, huku yeye akiwa amelalia ngazi anamwongoza mzee asije akasagwa ukingoni.

Nilikaa kwenye usukani. Ufunguo ulikataa kuingia mara mbili. Nilipotazama nyuma, kwenye dirisha la chumba cha mbele niliona uso wa Kidoti umebanwa kwenye kioo, machozi yanatiririka. Mbele yangu sikuona shimo wala mzee. Boneti ilikuwa imeziba. Nikawaza, nikikanyaga vibaya, namkata baba wa watu vipande viwili.

"Mama Kidoti!" sauti ikatoka ardhini. "Unanisikia?"

"Nakusikia, baba!"

"Umewahi kunisikia naendesha gari?"

"Hapana!"

"Basi leo tunaendesha wote. Kanyaga klachi mpaka mwisho. Tia gia ya kurudi. Usiangalie huku, hakuna cha kuona. Sikiliza mimi tu. Achia klachi kama unavyomlaza mtoto aliyekwisha sinzia."

Nikaachia. Gari likaruka kidogo, likazimika. Nikalia kwa sauti.

"Hamna neno!" mzee alisema, kama yuko kwenye kiti chake anakunywa chai. "Mimi siku yangu ya kwanza lilinizimikia mbele ya tajiri mwenyewe. Washa tena. Klachi. Gia. Haya, mlaze mtoto..."

Likasogea. Changarawe ikalia chini ya magurudumu. Kamba ikanyooka ikawa ngumu kama fimbo.

"Twende. Twende. Pole pole hivyo hivyo. Twende, mwanangu. Mwashi, mkono wangu! Twende... twende... hapo! Breki!"

Nikakanyaga breki na klachi, miguu yote miwili. Nilibaki nimeshika usukani, macho nimefumba, nasubiri mtu aniambie. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Halafu nikasikia mwashi anapiga makofi na kusema, "Katoka! Mzee katoka! Zima gari, shemeji, katoka mzima!"

Nilishuka nikijishikilia kwenye mlango. Baba mkwe alikuwa amelala chali juu ya changarawe, katikati ya njia yake, kifua kinapanda na kushuka, na kitambaa cha mteja wangu kimemzunguka kama kanzu ya ajabu. Alikuwa anaangalia mawingu.

"Pole, baba," nilisema. "Pole sana."

"Klachi yako si mbaya," alijibu. "Ila kiatu kimoja kimebaki kule chini, na kilikuwa bado kizuri."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, kamasi na kila kitu. Mwashi naye alikaa chini akaanza kucheka, na hakuna aliyejua anacheka nini hasa.

Tulipokwisha kupata pumzi, mwashi aliokota jiwe akalitupa mle shimoni. Tukasubiri. Tukasubiri zaidi. Ndipo tukasikia maji. Sote watatu tukatazamana, kicheko kikakauka.

"Hili ni shimo la zamani la maji machafu," mwashi alisema. "Waliokuwa hapa kabla yenu walichimba jipya kule nyuma, hili wakalitupia mbao wakamwaga udongo juu. Mbao zimeoza."

Akachukua nondo, akaanza kugonga ardhi kuzunguka pale, akisikiliza. Upande wa nyasi palikuwa pagumu. Upande wa njia, nondo ilizama. Akasogea, ikazama tena. Shimo lilikuwa limeingia chini ya changarawe, mpaka kwenye mstari wa magurudumu ya gari. Pembeni kabisa ya mahali alipotumbukia mzee kulikuwa na alama za matairi madogo matatu, zimekwenda na kurudi, asubuhi hiyo na asubuhi zote kabla yake.

Jumatatu lilikuwa linakuja lori la kokoto za kutandaza upya njia hii hii. Tulikuwa tumeshaliagiza.

Nilikwenda nikafungua komeo. Kidoti alinirukia shingoni, nikamshika hivyo mpaka akachoka kushikwa akaanza kunisukuma. "Mama, unanibana." Sikumwachia. Mzee alinyanyuka kwa taabu akaja, akaweka kiganja kichwani mwa mjukuu wake, akakiacha hapo. Nilihisi kama mtu aliyeshushiwa gunia ambalo hakujua amelibeba miezi yote ile.

Nilimpeleka mzee zahanati kwa gari langu. Mwashi alisimama juu ya njia akituonyesha pa kupita, tukatoka tumekwaruza ua wa kulia ili tukae mbali na shimo. Nilijiandaa kwa ule mguu wake. Kona ya kwanza, hakukanyaga. Kona ya pili nikamtupia jicho: alikuwa amelala usingizi, mdomo wazi, kichwa kimeegemea mkanda.

Daktari alimbonyeza huku na huku, akampiga picha ya mbavu, akarudi anatabasamu. "Zimechubuka tu, mzee. Hakuna iliyovunjika. Ulifanya kazi gani?"

"Dereva wa basi."

"Basi umezoea kunusurika; endelea kushukuru."

"Nashukuru toka asubuhi," mzee alisema. "Nimeanzia na huyu," akaninyooshea kidole.

Nilimpigia simu mume wangu. Nilianza na neno "wazima," kisha nikamweleza yaliyobaki. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika, yeye fundi wa minara. Kumbe alikuwa amekaa chini. Kesho yake mchana alikuwa nyumbani, amevaa bado mkanda wake wa kupandia, na jambo la kwanza alilotangaza ni hili: "Hakuna tena kuchimba katika nyumba hii! Hata bamia hatupandi!"

"Sawa," baba yake alisema.

Lori la kokoto tulilizuia barabarani, likamwaga mzigo nje ya geti. Mwashi na wenzake walilifunua shimo lote, wakalinyonya maji, wakalijaza mawe, kifusi na hizo kokoto, tabaka kwa tabaka, wakishindilia, kisha juu wakamimina zege lenye nondo. Kazi ilipokwisha walileta gari lao lililojaa matofali wakaliegesha pale pale juu. Mume wangu alizunguka gari lile akiinama kuchungulia chini yake. Alipoinuka, mabega yake yalikuwa yameshuka. Nilimwona, na yangu yakashuka.

Miashoki ilikuwa bado kwenye viroba kivulini, nami nilikuwa naimwagilia bila kumwambia mtu. Mzee pia, kumbe, alikuwa anaimwagilia kila nikiingia ndani. Ndiyo maana ilinawiri kupita kiasi.

"Pale kushoto miti haifai tena," mwashi alituambia. "Udongo wa kifusi utaendelea kujikaza, na mizizi haitapenda zege. Pandeni kulia."

Mume wangu akafungua mdomo. Mzee akamwangalia. Mume wangu akafunga mdomo, akaenda kuchukua nondo mwenyewe, akagonga ardhi ya upande wa kulia kutoka getini mpaka barazani, kila pahali pa unyayo, akitega sikio kama daktari. Ilikuwa ngumu kama kichwa cha mbishi. Akarudi amelowa jasho.

"Chimbeni," alisema.

Alichimba yeye. Mzee, mbavu zikiwa bado zinamuuma, alikalia kiti cha plastiki akitoa amri: sogeza huku, rudisha, mti umeegemea kama mlevi huo. Mimi niliweka miche, nikajaza udongo na samadi, nikakanyagia. Kidoti alipewa kopo la maji, na maji mengi yaliishia kwenye nguo yake. Kufikia alasiri safu ilikuwa imesimama, miti ya kimo cha kiuno, myembamba, imeinamisha majani. Mume wangu alitupa jembe kando, akajilaza kwenye nyasi. Kutoka jikoni nilisikia harufu ya chakula kinachoungua, na kwa mara ya kwanza maishani sikukimbia.

Siku chache baadaye mvua ikaja, ya kutulia, isiyo na fujo. Ilipokatika, vilele vya miashoki vilikuwa vimetoa majani mapya, laini, ya rangi ya shaba. Nilikuwa barazani napima pindo la pazia. Simu ya mzee ikalia. Alikuwa utingo wake wa zamani, anataka kuja kumtembelea na hajui nyumba.

"Shuka kituo cha mwisho," mzee alimwambia, huku akiiangalia njia. "Uliza nyumba ya fundi wa mapazia, kila mtu anamjua. Ukifika getini utaona miashoki midogo, upande wa kulia. Ingia tu, usiogope. Chini ni pagumu."